SOMO LA MTAMA: NAFAKA YA ZAMANI NA MKATE WA MOFA



Mwezi huu tumekusudia kusema habari za mtama. Najua wako watakaotaka kugeuza ukurasa mara walionapo neno hilo, maana katika skimu zetu nyingi mtama umekuwa kama mgeni wa kuulizwa amekuja kufanya nini. Tumezoea mahindi. Mvua ya mwaka ikikatika kabla mahindi hayajabeba, twangoja vuli na kupanda mahindi tena. Na vuli nayo ikienda upesi, twaenda dukani kununua unga wa mahindi wa paketi. Mimi mwenyewe nimeyafanya hayo katika kishamba changu, kwa hiyo simcheki mtu.

Lakini siku moja nilitumwa Mwembe Tayari, Mombasa, kuandika bei za nafaka kwa kazi ya ofisi, na huko niliona jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike somo hili. Alikuja mkulima mmoja kutoka katika skimu za bara ya Pwani na magunia mawili ya mtama mweupe. Alikuwa amepanda mahindi na mtama. Mahindi yalikauka, mtama ukasimama. Basi akaupura, akautia magunia, akalipa nauli ya gari, akafika sokoni alfajiri akiwa na furaha. Mama mmoja mpika mikate ya mofa akamwita. Akachota mtama kwa kiganja, akaumwaga juu ya ungo, akaupeperusha kidogo, kisha akatia punje chache kinywani akazitafuna polepole.

“Mwanangu,” akamwambia, “mtama wako ni mzuri, punje zimejaa. Lakini una mchanga. Mteja akitafuna mchanga katika mkate wangu leo, kesho haji.”

Yule bwana akajitetea kwamba ameupura uani kwake, na ua umefagiwa vizuri. Mama akasema, “Ua ni ua, baba,” akaenda zake. Mpaka saa sita mchana hakuna mpishi mwingine aliyeununua. Mwisho aliuuza kwa mfanya biashara wa chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Nilimwuliza kama nyumbani amebakiza mtama wa kula. Akanijibu kwamba watoto wake hawaujui. Fedha alizopata akanunua unga wa mahindi, nao haukufika hata mwisho wa mwezi.

Hebu tazama hesabu hiyo. Mtu amelima chakula, amewapa kuku wa watu wengine, kisha amenunua chakula kingine kwa bei ya juu kuwapa watoto wake. Wahenga walisema kwenye kuku wengi usimwage mtama. Sisi twaumwaga, tena twalipa nauli ya kuupeleka. Kwa hiyo katika somo hili nitaeleza asili ya mtama, namna ya kuulima na hasa kuuvuna uwe safi, na namna unavyoliwa, maana asiyejua chakula kinavyoliwa hawezi kujua mnunuzi anataka nini.

MAJINA YASITUCHANGANYE

Kwanza tutengeneze majina. Mtama ni ule wenye bua refu kama la mahindi, na suke lake hukaa kileleni, punje zake ni za mviringo, nyeupe, nyekundu au za rangi ya hudhurungi. Mawele, au uwele, ni yale yenye suke refu lililonyooka kama mkia wa paka, na punje ndogo za rangi ya kijivu. Wimbi, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita ulezi, lina suke lililogawanyika kama vidole vya mkono, na punje zake ni ndogo sana, nyekundu. Watu huziita zote tatu mtama, na katika maduka ya Kihindi ya Mombasa utasikia jowar kwa mtama na bajra kwa mawele. Ukienda kununua mbegu au kuuza, sema hasa ni ipi. Nimewahi kumwona mtu akisafiri na debe la mawele kwa mteja aliyeagiza mtama, na safari yote ikawa bure.

ASILI YAKE

Mtama ni mwenyeji wa Afrika. Karibu na Kassala, mashariki ya Sudan, wachimbaji wa mambo ya kale wameona alama za makapi ya mtama katika vipande vya vyungu vyenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, na makapi yale yanaonyesha kwamba watu walikuwa wamekwisha anza kuulima, si kuokota wa mwituni tu. Kutoka upande huo ukaenea kusini, na ukavuka bahari hata Bara Hindi, ambako umelimwa kwa zaidi ya miaka 3,500. Wimbi nalo ni la Afrika ya Mashariki, nyanda za juu za Ethiopia na Uganda. Mawele yalitoka Afrika ya Magharibi.

Hapa Kenya, katika pango la Kakapel, Kaunti ya Busia, wataalamu walitoa habari mwaka 2024 kwamba wamepata kunde zenye umri wa miaka 2,300 hivi, na mtama na wimbi vya miaka 1,000 au zaidi. Kisiwani Pemba, mahali paitwapo Tumbe, mabaki ya chakula cha karne ya 7 hadi ya 10 yanaonyesha kwamba watu wa pwani wakati ule walikula mawele zaidi ya nafaka nyingine. Mchele ulikuja kupata nguvu baadaye. Na mahindi je? Mahindi ni ya Marekani. Hayakujulikana huku kabla Wareno hawajaanza kupita katika bahari yetu baada ya mwaka 1498. Basi katika shamba lako mgeni ni mahindi, na mwenye nyumba ni mtama. Sisemi mgeni afukuzwe. Nasema mwenye nyumba naye apewe mahali pa kukaa.

MOMBASA HULISHWA NA BARA

Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawakuwa wakilima nafaka, bali ililetwa kutoka pwani ya bara, na kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki. Ni miaka karibu 700 sasa, na jambo hilo halijabadilika: kisiwa hakilimi, kisiwa hununua. Wamijikenda walileta nafaka zao kuuza mjini kwa vizazi vingi. Malindi, baada ya kuanzishwa tena mwaka 1861 wakati wa Sultani Majid wa Zanzibar, ulikuwa mji wa mashamba makubwa ya mtama, na majahazi yalichukua mtama huo mpaka Arabuni. Yafaa pia kusema kwamba mashamba yale yalilimwa na watumwa, na utumwa katika pwani hii haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Utajiri wa mtama wa Malindi haukuwa wa wale walioupalilia.

Jina la Mwembe Tayari lenyewe, wazee husema, latokana na misafara iliyokuwa ikikusanyika penye mwembe na kujiweka tayari kwa safari ya bara. Mpagazi wa zamani alipewa posho ya nafaka, kibaba kimoja kwa siku, yaani kama ratli moja na nusu. Vibaba vinne ni pishi moja. Leo pale wanapandia watu mabasi ya kwenda bara, na vibaba vimekuwa kilo, lakini nafaka bado yapimwa.

Tena mtama si uganga. Katika miaka ya 1898 hadi 1900 palikuwa na njaa kubwa ambayo Wamijikenda huiita njaa ya Magunia, kwa sababu chakula cha msaada kililetwa katika magunia, na wakati ule mtama ulikuwa ukilimwa sana. Mvua ikikataa kabisa hakuna mmea unaoishi. Lakini kati ya mvua nzuri na ukame mkali kuna miaka mingi ya katikati, miaka ya mvua haba, na hiyo ndiyo miaka ya mtama. Mizizi yake huenda chini sana. Majani yake yana nta inayozuia maji yasitoke, na jua likizidi hujikunja. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa maua hayarudi tena. Mtama huweza kusimama kama uliolala, kisha mvua ikirudi ukaendelea kukua. Mvua ya milimita 300 hivi katika msimu, ikigawanyika vizuri, yaweza kuutosha.

KUPANDA NA KUTUNZA

Hapa nitapita upesi, maana mengi mnayajua. Lima mapema na panda mara mvua ya kwanza ya maana inapoanza, au hata katika udongo mkavu siku chache kabla yake. Nafasi kati ya mistari iwe sentimita 75, na kati ya mche na mche sentimita 20. Kilo 3 za mbegu zatosha ekari moja. Miche ikifika majuma mawili au matatu, ing'oe iliyozidi. Wengi huona huruma kung'oa, na huruma hiyo huzaa masuke madogo. Palilia mara mbili, na ya kwanza isichelewe. Ukichelewa kupanda, nzi wa chipukizi atakula moyo wa mche ungali mdogo, na baadaye yuko kiwavi atobowaye shina. Kupanda mapema ni dawa ya kwanza ya wote wawili.

Kuhusu mbegu: Gadam, ambayo asili yake ni Sudan, ni fupi na hukomaa upesi, kama miezi mitatu. KARI Mtama 1 ni mweupe, hufaa kwa unga na hufaa pwani. Serena na Seredo ni za rangi ya hudhurungi. Ndege hawazipendi sana kwa kuwa zina uchungu, lakini na unga wake ni mweusi kidogo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, na afisa wa kilimo wa eneo lako aweza kukuelekeza ipi yafaa udongo wako. Shamba lililotunzwa vizuri laweza kutoa magunia 8 mpaka 10 ya kilo 90 kwa ekari. Lisilotunzwa halifiki nusu yake.

Neno moja la hatari kwa wenye ng'ombe na mbuzi. Mtama mchanga, usiofika magotini, una sumu. Na vile vile machipukizi yanayotoka baada ya ukame au baada ya kukata mabua. Mnyama akiyala kwa wingi hupumua kwa haraka, hutetemeka, huanguka, na aweza kufa muda mfupi baadaye. Usifungulie mifugo katika shamba la mtama mpaka mimea imekuwa mirefu kupita kiuno. Mabua yaliyokomaa na kukaushwa ni malisho mazuri, na yako mengine matamu, yaitwayo kota, ambayo watoto huyatafuna kama miwa.

NDEGE

Kila nikizungumza habari za mtama mkulima husema neno moja: ndege. Ni kweli. Tangu punje zikiwa tete, zenye maziwa, mpaka kuvuna, ni kama majuma matatu au manne ya kuamia. Wazee wetu walijenga dungu katikati ya shamba, wakakaa juu yake na teo, wakitupa mawe na kupiga makelele asubuhi na jioni, ambazo ndizo saa ndege anapokula zaidi.

Njia iliyo bora ni kupatana. Mtu mmoja akipanda mtama mweupe peke yake katikati ya mahindi ya jirani, ndege wote wa nchi watakuwa wageni wake. Mkipanda watu kumi juma moja, mbegu moja, mashamba yanayopakana, ndege ni wale wale lakini hasara yagawanyika, na kuamia kwafanywa kwa zamu. Katika skimu ambamo mashamba yamepimwa na kupangwa mstari kwa mstari, jambo hili ni rahisi kuliko mahali pengine popote. Sioni kwa nini halifanywi, isipokuwa kwamba kila mtu angoja mwenzake aanze.

Na zamu hizo ziwe za watu wazima. Nilisomea ualimu kabla ya kuja kazi ya ofisi, na nimeona madawati yakiwa matupu wakati wa ndege. Mtoto akikosa majuma manne ya masomo kila msimu, mtama huo umelipiwa bei kubwa mno.

KUVUNA BILA MCHANGA

Sasa twafika mahali ambapo yule bwana wa Mwembe Tayari alipotea njia.

Mtama umekomaa ukiona doa jeusi chini ya punje, mahali inaposhika katika suke. Usiuache shambani baada ya hapo, maana kila siku ni karamu ya ndege. Kata masuke kwa kisu, uyatie katika kikapu au gunia safi, usiyalaze chini. Yaanike juu ya turubai, mkeka au kichanja. Kisha yapure juu ya turubai hilo hilo, au uyatie ndani ya gunia ulifunge na kulipiga kwa fimbo. Ua uliofagiwa hautoshi, hata ukisakafiwa kwa udongo na samadi, kwa sababu kila pigo la fimbo hunyanyua chembe za udongo, na chembe hizo zina uzito na ukubwa sawasawa na punje. Ungo hutoa makapi na wishwa, kwa kuwa ni vyepesi. Mchanga hautoki kwa upepo. Mchanga ukiisha kuingia, njia ni kuosha mtama katika maji, ukiutikisa polepole na kuumimina, ili mchanga ubaki chini ya chombo, kisha kuuanika tena. Ni kazi kubwa kwa gunia zima.

Punje zikaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa. Liko jaribio rahisi ambalo kila mtu aweza kulifanya. Chukua chupa kavu, tia punje za mtama na chumvi kavu kidogo, ifunge, itikise, uiache kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, mtama ungali na maji, anika tena. Ikianguka chini bila kushika, weka ghalani. Jambo hili si dogo. Mwaka 2004, katika Ukambani, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wa sumu ya aflatoksini, mahindi yaliyowekwa kabla hayajakauka. Mtama haushikwi na ukungu huo kwa urahisi kama mahindi, lakini ukiwekwa mbichi huweza kushikwa. Magunia yawe juu ya mbao, mbali na ukuta. Na kama waweza, tumia yale magunia yenye mifuko ya ndani isiyopitisha hewa, ambayo fukusi hufa humo kwa kukosa pumzi.

JIKONI

Nilirudi kwa yule mama mpika mofa juma lililofuata, nikamwomba anieleze kazi yake. Alinieleza kwa furaha, na haya ndiyo niliyoandika.

Mofa ni tanuri la udongo, lililofinyangwa kama mtungi mkubwa, mdomo juu. Moto huwashwa chini ndani yake mpaka kuta zinashika joto kabisa na moshi umekwisha. Chombo kama hicho kinajulikana Yemen, na Wasomali wana mkate wao waitao muufo. Bila shaka mabaharia wa bahari hii wamekula mkate huu bandari nyingi. Mombasa huuzwa sana mwezi wa Ramadhani, jioni, watu wanaponunua vyakula vya kufuturu.

Kwa unga wa mtama vikombe vinne, tia chumvi kijiko kimoja kidogo, hamira kijiko kimoja kidogo, kitunguu saumu punje tano au sita zilizopondwa, na uzile, yaani bizari nyembamba, iliyotwangwa kidogo. Mwenye kupenda pilipili mbichi huitia. Kanda kwa maji ya uvuguvugu mpaka uwe laini kama udongo wa mfinyanzi, ufunike, uache saa tatu au nne. Wengine huuacha usiku kucha, nao huwa na uchachu mzuri. Kisha lowesha mikono, fanya donge, libonyeze liwe duara la ukubwa wa kiganja, ulibandike ubavuni mwa mofa. Ukiiva hubanduliwa kwa kisu na kutolewa kwa chuma.

Nilimwuliza kwa nini hausukumi kwa kijiti kama chapati. Akacheka, akasema nijaribu. Nilijaribu, ukakatika vipande vipande. Sababu yake ni hii: unga wa ngano una kitu cha kunata kiitwacho gluteni, kinachovutika kama mpira, mtama hauna. Kwa hiyo mkate wa mtama hauumuki sana wala hauvutiki, hutaka mkono wenye maji na ukuta wenye moto. Na kwa sababu hiyo hiyo watu ambao matumbo yao hayapatani na ngano huweza kuula. Huliwa ungali moto, kwa mchuzi wa samaki au wa papa, au kwa chai. Ukilala huwa mgumu, na hapo dawa yake ni kuuchovya katika mchuzi.

Asiye na mofa hutumia kaango zito lililopakwa mafuta, moto mdogo chini, kifuniko juu, na makaa kupaliwa juu ya kifuniko. Nimefanya hivyo nyumbani kwangu. Wa kwanza uliungua, wa pili ukaliwa.

Uji wa mtama mnaujua, lakini wengi hukosea kwa kutia unga mkavu katika maji yanayochemka. Loweka unga kwa maji tangu jana, uchache kidogo, ndipo upike kwa moto wa polepole ukikoroga. Tia maziwa au tui la nazi, na sukari, na pilipili manga ukipenda. Kwa wale wapendao ukali, ukwaju au ndimu. Kuchacha huko si kwa ladha tu. Mtama una madini ya chuma yanayojenga damu, lakini yamefungwa ndani ya punje, na uchachu huyafungua tumbo likayapata. Mama zetu hawakuwa na maabara, lakini uji wao ulilala usiku mmoja.

Sima ya mtama peke yake huwa nzito na nyeusi kidogo, na watoto waliozoea mahindi meupe huisukuma sahani. Anza kwa kuchanganya: unga wa mtama vipimo viwili na wa muhogo kimoja, au nusu kwa nusu na mahindi. Kwa chapati, kipimo kimoja cha mtama kwa viwili au vitatu vya ngano. Tena mtama mzima, ukitwangwa katika kinu kidogo ili kutoa ganda, hupikwa kama wali kwa tui na kunde, na huo mimi naupenda kuliko vyote. Uloweke kwanza, kwa kuwa haukawii kumaliza kuni.

Tahadhari kwa wanaootesha mtama kwa kimea cha togwa: machipukizi yale yana sumu ile ile niliyoitaja katika habari za mifugo. Kimea kikaushwe kabisa juani, vichipukizi na vimizizi vifikichwe na kupepetwa vitoke, na togwa ipikwe.

WANUNUZI

Mwaka 2023 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtama, na watu wengi wa mjini, hasa wenye ugonjwa wa sukari, wameanza kuuliza unga wake. Hilo ni jema. Lakini msisahau yaliyotokea mwaka 2013. Kabla ya hapo kiwanda cha bia kilikuwa kimewatia wakulima wengi wa nchi kavu moyo wa kulima Gadam. Kisha kodi ya bia ile ikaongezwa, mauzo yakaanguka, na wakulima wakabaki na magunia. Kodi ilipunguzwa tena mwaka 2015, lakini aliyekuwa hana mnunuzi mwingine, wala hajui kuula, alikwisha umia. Kwa hiyo weka kwanza magunia ya nyumbani kwako, ndipo uuze yaliyobaki, na usiwe na mnunuzi mmoja. Uzeni pamoja kwa kikundi, mgawane nauli, na mchukue kwanza kilo moja ya mfano kuwaonyesha wapishi na wenye maduka kabla ya kupakia gari.

Yule bwana wa magunia mawili alikuja ofisini kwetu msimu uliofuata kuuliza turubai hupatikana wapi na kwa bei gani. Baada ya mavuno nilimkuta tena Mwembe Tayari, amekaa juu ya gunia, safari hii pamoja na jirani zake wawili. Mama akachota, akamwaga juu ya ungo, akatafuna. Akatafuna tena. Kisha akafungua kibindo, na kabla ya kuhesabu fedha akauliza, “Na Ramadhani waweza kuniletea mangapi?”

Bwana akawatazama wenzake, wakaanza kuhesabu kwa vidole.